Ng'ombe Aliyerudi Akiwa Hai

Rafiki wa baba alishafika kwetu Tlawi mara nyingi akiwa na ngozi begani. Huo ndio utaratibu: ng'ombe wa mtu akifia kwako, unamchuna, unakausha ngozi, unampelekea mwenyewe aione kwa macho yake, ajue hukumuuza wala hukumla kwa siri. Baba alizipokea ngozi zote hizo. Alizipapasa, akatafuta alama ya sikioni, akasema pole, na mama akapika. Hakuna ngozi hata moja iliyowahi kuleta maneno kati yao. Maneno yalikuja na ng'ombe mzima.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao kwetu ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na watu wanaota moto ndani bila kuoneana haya. Nilikuwa napalilia vitunguu saumu. Shamba langu linaanzia pale mlango unapoishia, maana sikuacha hata nafasi ya kuanika nguo. Nikamwona mzee anapanda njia ya chini, shuka lake amelifunga shingoni, fimbo mkono huu, kamba mkono ule, na nyuma ya kamba ng'ombe jike mwekundu ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Mzee nilimjua. Ng'ombe sikumjua, lakini nilielewa ni wetu, kwa sababu hakuna mtu wa umri ule atakayemburuta ng'ombe kwa miguu kutoka Gehandu, apande naye mpaka Dongobesh akilala kwa watu njiani, halafu aje naye Tlawi, kama si wa kwetu.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Yupo. Kuna nini?"

"Niitie baba."

Siku zote alikuwa akiniita Mama Vitunguu, ananitania kwamba jasho langu linanukia mchuzi. Siku hiyo hakunitania. Niliweka jembe chini.

Huku juu hapajawahi kuwa na nafasi ya ng'ombe wengi. Zamani, mtu akifikisha ng'ombe wa tatu au wa nne, alimtafuta rafiki huko uwandani, mfugaji, akampeleka ng'ombe akae kwake. Rafiki anakamua maziwa na watoto wake wanakunywa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ila mara mojamoja anatoa ndama mmoja iwe shukrani. Hakuna anayeandika chochote. Ugonjwa ukiingia boma moja, mali yako haiishi yote, na zaidi ya hapo, majirani hawajui una nini. Mimi nimekua nikiitwa mtoto wa maskini, nakwenda shule na sweta lililotoboka viwiko, kumbe baba alikuwa na ng'ombe huko chini wa kuziba njia. Siku niliyojua nilikasirika sana, na sijamaliza kukasirika.

Baba na yule mzee ni wa makabila mawili tofauti. Kila mmoja alijua maneno machache ya lugha ya mwenzake, mengi yakiwa ya kutukana ng'ombe, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kila mtu kwa lafudhi yake. Kila mwaka kazi za shamba zikipungua baba alishuka Gehandu na maharage na viazi, akasema anakwenda kuwaona ng'ombe. Alikaa huko mpaka mama akaanza kulalamika kwamba kumwona ng'ombe ni kazi ya asubuhi moja, sasa huyu anawaona unywele kwa unywele? Alirudi na samli na asali, amenenepa, na kwa wiki nzima alikuwa anacheka peke yake akikumbuka walichoongea.

Halafu ng'ombe wakapungua. Wengine walikufa miaka ya ukame, na ngozi zao zikaja. Wengine waliuzwa ili mimi na kaka zangu tusome. Akabaki jike mmoja tu, huyu mwekundu, mjukuu wa yule wa kwanza.

Baba alitoka, akasimama mlangoni. Alimtazama ng'ombe, akamtazama rafiki yake, akarudi tena kwa ng'ombe. Niliona uso wake unabadilika na nikaogopa. Kumrudisha ng'ombe wa rafiki akiwa hai, bila mwenyewe kumwita, kuna maana moja tu kwa watu wetu, nayo ni kwamba tumeachana. Hufanywa na watu waliokwisha kutukanana. Hawa wawili hawakuwa wametukanana hata kwa utani.

Walisalimiana. Sijui kama umewahi kusikia wazee wawili wakisalimiana huku moyo wa mmoja unaungua. Waliulizana habari za watoto, za wajukuu, za mvua, za mguu wa baba, za jicho la mzee. Ng'ombe amefungwa kwenye mkaratusi, anatafuna gome. Nikachemsha chai, nikaileta, wakaanza upya habari za mvua. Nilitamani nipige kelele.

"Rafiki yangu," baba akasema mwishowe, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa huyu amefuata nini huku?"

"Majani," mzee akajibu.

Akaeleza taratibu, macho yake yako kwenye kikombe. Lile bonde la kisima ambako ng'ombe walikuwa wanashinda, sasa ni mbaazi. Uwanda wa chini umeingia trekta, wamepanda alizeti mpaka ukingoni mwa barabara. Waliokodisha ni wanawe mwenyewe. Aliwauliza, ng'ombe watakula wapi? Wakamwambia, mzee, shamba linatuletea hela kila mwaka, ng'ombe anakula tu.

"Na mabua?" baba akauliza.

Hapo mzee akacheka, kicheko kibaya. Tangu tuzaliwe, mahindi yakishavunwa shamba la mtu linakuwa la ng'ombe wote. Hakuna aliyeuliza haya mabua ni ya nani. Lingekuwa swali la kichaa.

"Mabua yana wenyewe siku hizi," mzee akasema. "Watu wa mjini wanakuja na malori, wanayafunga mizigo, wanapelekea ng'ombe wao wa maziwa. Jirani yangu amezungushia miiba. Mabua, rafiki yangu! Ng'ombe akipitisha mdomo tu, unalipa."

Akaweka kikombe chini. Halafu akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo.

"Wangu nimeuza. Nimeanza na wangu. Huyu siwezi kumuuza, si wangu. Nikimwacha afe na njaa, nitakuletea ngozi, na wewe utaipokea, nakujua. Lakini ngozi ya ng'ombe aliyekufa na njaa huku mimi nakula, sitaweza kuibeba."

Baba aliinua macho akaanza kuangalia eneo letu, pole pole, kama mgeni. Nilijua anatafuta nini, na nilijua hakipo. Kaka zangu wamegawiwa vipande vyao, mmoja amekodisha chake kwa mtu wa kijiji cha Daudi, mwingine amejenga. Kilichobaki ni mteremko na hapa nyumbani, na hapa nyumbani pote nimepanda vitunguu saumu. Hata ule upande wa nyumba ambao zamani ng'ombe walilala pamoja na sisi, nimejaza mbolea na mbegu.

Sitaomba radhi kwa hilo. Mahindi ukipiga hesabu ya mbegu, mbolea na vibarua, unakuta umejilisha mwenyewe kwa bei ya dukani, na mgongo umekuuma bure. Kitunguu saumu mwaka wake ukiwa mzuri unaezeka nyumba. Mwaka wake ukiwa mbaya, mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa, limefungwa kilemba juu mpaka linakaribia kuwa magunia mawili, anakulipa bei ya moja, na wewe unamkaribisha chai. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Ningeacha nyasi mbele ya mlango, ningekula nyasi.

Baba akasema, "Basi nakupa. Kuanzia leo ni wako kabisa. Muuze."

"Nikiuza zawadi yako nitakuangaliaje?"

"Basi kaa naye tu mpaka mvua inyeshe."

"Mvua itaotesha alizeti," mzee akasema. "Acha mimi nimwache kwako. Akae kwako kama alivyokaa kwangu."

"Awe wangu aliyekaa kwangu?"

"Au awe wangu aliyekaa kwako."

Nimeona watu wakigombana kwa sababu ya ng'ombe, hata mapanga nimeyaona yakitolewa. Sijawahi kuona wazee wawili wakibishana kila mmoja akimsukumia mwenzake ng'ombe, tena kwa heshima, tena kwa sauti ya chini. Ningecheka kama ng'ombe mwenyewe asingekuwa pale anatafuna gome.

Mzee akabaki kwetu. Asubuhi walitoka pamoja kutafuta chochote cha kumpa ng'ombe. Walipita kwa majirani ambao baba aliwasaidia kujenga nyumba zao. Mmoja aliwaonyesha rundo la mabua, akataja bei, tena bila aibu, na sikumlaumu maana na yeye ana watoto shuleni. Wakasikia kuna mtu upande wa Daudi ana mabua mengi, wakaenda, wakakuta lori linamalizia kupakia. Walirudi jioni wamebeba majani ya kando ya barabara kichwani, wazee wawili wenye wajukuu, na watoto wanawaangalia. Ng'ombe aliyamaliza yale majani kabla hawajakaa vizuri. Akaanza tena kutafuna mkaratusi.

Siku iliyofuata akakata kamba. Nilitoka nje nikamkuta katikati ya shamba langu amekula mstari mmoja wa majani ya vitunguu na ameingia wa pili. Nilimwendea na mpini wa jembe nikampiga, huku namtukana kwa lugha zote ninazozijua. Wazee walikuwa wamekaa nje kwenye benchi wakiniangalia, hakuna aliyesema acha. Niliacha mwenyewe, kwa sababu ng'ombe hakukimbia. Alisimama anapokea fimbo na anaendelea kutafuna, macho ameyafumba. Niliingia ndani nikalia mpaka kichwa kikauma.

Nilipotoka nikasema kile ambacho kila mtu alikijua. "Auzwe."

Nikawaambia nimeshapiga hesabu, kwamba kumlisha mpaka mvua kutamaliza thamani yake yote na bado atakuwa mifupa, na kwamba mvua nayo ikija haina pa kuotesha majani. Niliongea sana. Hawakunibishia hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko ambavyo wangenibishia.

"Basi muuze wewe," baba akasema.

Mzee akatikisa kichwa kukubali, anaangalia chini. "Mtoto akiuza, si sisi tuliouza."

Walikuwa wamepata pa kutokea, na pa kutokea penyewe ni mimi. Nilikubali kwa hasira, na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Mnadani walinifuata, lakini walikwenda kukaa kwenye vibanda vya nyama choma, wameelekea upande mwingine. Mimi najua bei ya vitunguu. Ng'ombe sijui kumnadi. Mnunuzi mmoja akamvuta ngozi ya ubavuni, akamwinua mkia, akaniambia, "Dada, huyu unauza kamba au unauza ng'ombe?" Watu wakacheka. Nilitaka kumjibu ovyo, nikaona hana kosa. Wa pili alikuwa mtu wa machinjio, hakutania, akataja bei yake akageuka kuondoka, na mimi nikamwita arudi. Walimpandisha kwenye lori. Alikataa kidogo, halafu akanusa majani makavu yaliyokuwa ndani, akapanda mwenyewe.

Niliporudi vibandani na zile hela, hakuna aliyenyoosha mkono. Utaratibu wetu una jibu kwa ng'ombe aliyekufa, aliyezaa, aliyeibiwa, hata aliyeliwa na fisi. Kwa ng'ombe aliyekosa majani kwa pande zote mbili, hauna jibu. Walikaa wanaziangalia hela juu ya meza karibu na chumvi. Nikazigawa nusu kwa nusu bila kuwauliza. "Shikeni," nikasema, kwa sauti ambayo mtu hatumii kwa wazazi. Wakashika.

Tulimsindikiza mzee stendi ya Mbulu mjini. Baba akamnunulia blanketi. Mzee akamnunulia baba ugoro, na kofia ya sufu ambayo baba hakuihitaji. Baba akaongeza sukari kwa ajili ya wajukuu. Mzee akataka kuninunulia khanga nikakataa. Kila mmoja alikuwa anajaribu kuimalizia nusu yake kwa mwenzake kabla gari halijaondoka.

"Sasa mwakani ukija kwangu," mzee akasema akiwa ameshashika mlango wa gari, "utakuwa umekuja kuona nini?"

"Nitakuja kukuona wewe."

"Mimi nina nini cha kuonwa?"

Wakacheka sana, mpaka konda akawaambia waachane. Na mimi nilicheka. Nilirudi nyumbani nikiamini limekwisha vizuri.

Mwaka uliofuata kazi zilipopungua, baba alisema mguu unamsumbua, atakwenda vitunguu vikishauzwa. Vitunguu vikauzwa kwa bei ya kutupa, kila mtu alikuwa amelima kitunguu saumu mpaka mlangoni kama mimi, na sikuwa na cha kumpa nauli. Lakini nauli haikuwa shida yenyewe. Mwaka mwingine nilikuwa nayo. Nilimfungia maharage kwenye mfuko, akavaa koti, akakaa kwenye benchi. Akakaa. Gari la asubuhi likapita.

"Nikifika," akasema, "vijana wake wataniuliza nimefuata nini."

"Waambie umekuja kusalimia."

"Mtu mzima asafiri kutwa nzima kusalimia?"

Nilimwambia ndiyo, watu wanasafiri, dunia imebadilika. Akanitazama kwa huruma. Wawili hao hawakuwa na desturi ya kwenda kwa mtu hivi hivi tu. Walikuwa wanakwenda kwa sababu ya ng'ombe, halafu yale mengine yote, vicheko, maongezi, kukaa mpaka mama anune, yalikuja yenyewe bila kuitwa. Mimi niliona ni upuuzi, na sikuwa na namna ya kuwasaidia. Walipigiana simu. Nilikuwa nawabofyea namba, wanapiga kelele kama watu walioko milima miwili. Mvua? Bado. Mguu? Hivyo hivyo. Jicho? Hivyo hivyo. Haya. Haya, rafiki yangu. Simu yote ilikuwa inakwisha kabla chai haijapoa.

Tulipata habari kwa mchuuzi wa mbuzi aliyepita kutafuta mali. Alimwamkia baba, akamwambia, "Pole na rafiki yako." Baba akauliza, pole ya nini? Yule mtu akajua amekosea, akataka kuondoka. Mzee alishafariki. Alishazikwa, na matanga yalishakwisha, na mbaazi zilishavunwa tangu hapo.

Nilimpigia mtoto wake mkubwa nikaweka simu kwenye sauti ya nje. Alipokea, baba akajitaja, naye akaamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia."

"Ndiyo, mzee. Alitutoka."

"Mbona sikuambiwa?"

Kijana akaeleza bila kujificha. Kwao mtu akifa, kabla ya watoto kugawana, wanaitwa wote wenye ng'ombe ndani ya boma, waje waonyeshe walio wao. Waliwaita. Walikuwa wamebaki wachache siku hizi, lakini waliwaita wote, hata mmoja aliyehamia mbali.

"Wewe, mzee, hukuwa na ng'ombe kwetu," akasema. "Tulijua mlishamalizana."

Mimi nilikuwa nimeshajaza maneno mdomoni, nataka kumwambia yule kijana kuhusu alizeti yake na mbaazi zake na miiba aliyozungushia mabua. Nikakumbuka hakuwa yeye aliyezungusha miiba, ni jirani. Hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Kijana alifuata utaratibu kama alivyofundishwa, mpaka mwisho wake.

"Mmefanya sawa," baba akasema. "Ndivyo ilivyo."

Akanigeukia, akaongea taratibu, akidhani nimeshakata simu.

"Nikienda kuliona kaburi, watanipokea kama nani?"

Simu ilikuwa bado iko hewani. Tulimsikia kijana upande wa pili akivuta pumzi, akaanza kusema kitu, akaacha.